Usimfungie Mzee Mlango

Wifi yake Mama Pasi alipokuja alasiri ile hakuja kupokea zamu. Alikuja na kiboksi cheupe, akakiweka mezani, akakisukuma mbele kwa kucha zake ndefu zilizopakwa rangi.

"Haya wifi, upweke umekwisha."

Ndani ya kiboksi mlikuwa na visikilizio vya waya vya kutia masikioni. Mama Pasi alivitazama, akamtazama wifi yake, kisha akavitazama tena. Jina hilo la Mama Pasi alipewa kazini, kwenye chumba cha kufulia nguo cha hospitali, ambako aliingia msichana na sasa alikuwa na mvi. Alikuwa amemwita wifi yake kwa jambo jingine kabisa. Alitaka amsaidie walau siku moja kwa wiki kukaa na mama mkwe, yaani mama mzazi wa huyo huyo wifi, ambaye wakati huo alikuwa ameketi kwenye kochi akikunja taulo dogo, akilikunjua, akilikunja tena, huku akiwasikiliza kwa adabu ya mgeni.

"Nilidhani tutaongea habari ya siku," Mama Pasi alisema.

"Siku gani tena, wifi yangu? Saluni unaijua. Nikifunga leo, kesho wateja wamehamia kwa jirani."

"Si lazima ufunge. Anaweza kukaa pale pale saluni. Hana usumbufu."

"Pale? Wifi, watu wanakuja pale kupendeza, siyo kuja ku..." Hakulimaliza neno. Aligeuka, akapaza sauti kana kwamba mzee yule alikuwa kiziwi, ingawa masikio ya Bibi hayakuwa na kasoro hata kidogo. "Shikamoo mama! Umependeza leo!"

"Marahaba," Bibi alijibu. "Na wewe ni wa kwa nani?"

"Wa kwako, mama."

"Ala! Basi karibu. Wenye nyumba watakuja sasa hivi."

Wifi aliangua kicheko, kisha akajifuta jicho haraka kwa kiganja, asije akaharibu wanja. Haikuwa kwamba hakumpenda mama yake. Alimpenda sana, ila alimpenda kwa mbali, mahali ambapo mapenzi hayachafui nguo. Akachukua simu ya Mama Pasi na kuanza kuibonyezabonyeza.

"Hii inaitwa podikasti. Kuna kipindi kinaitwa Kikombe cha Pili, cha dada mmoja anamlea baba yake aliyesahau kila kitu. Nimekupakulia vyote, havitakula bando lako. Saluni wateja wanakipenda huwaambii kitu. Anza cha kwanza kabisa, usirukeruke, ndiyo utamu wake. Ni kama redio, ila..."

Simu yake mwenyewe ikaita. Mteja alikuwa ameshafika saluni na alikuwa na haraka. Wifi akambusu mama yake kwenye paji la uso, akashika mkoba, akatoka. Ile "ila" ikabaki hewani, na Mama Pasi hakuona sababu ya kuifuata. Redio alikuwa anaijua tangu utoto wake.

Mumewe hakuwapo siku hiyo. Alikuwa dereva wa lori la safari ndefu. Akiwa nyumbani alikuwa amelala, na akiwa macho alikuwa barabarani. Kila alipolalamikiwa alijibu kwa sifa. "Mama anakusikiliza wewe tu, mke wangu. Sisi wengine hatumwezi." Sifa hizo Mama Pasi alizibeba kama alivyobeba matenga ya mashuka mabichi, bila mtu kumuuliza uzito wake.

Kazi ya kupiga pasi mashuka ya hospitali inataka mikono na macho. Mashine ni pana kuliko kitanda, ina rola mbili za moto. Shuka linaingizwa mbele likiwa bichi, linatokea nyuma likiwa kavu, na hapo watu wawili hulidaka, wakashika ncha, wakarudi nyuma hadi lijinyooshe, kisha wakaendeana na kukutana katikati. Ukihesabu kutwa nzima, Mama Pasi alikutana na mwenzake wa kukunja mara nyingi kuliko alivyokutana na mumewe katika mwaka. Mwenzake huyo aliitwa Kengele, kwa sababu ya sauti yake.

Masikio tu ndiyo hayakuwa na ajira. Mama Pasi alitia kisikilizio kimoja sikio la kushoto, upande wa ukutani, na la kulia akaliacha wazi kwa ajili ya msimamizi. Kukawa kimya kidogo, kikasikika kijiko kikigonga kikombe, halafu sauti ya mwanamke, ya chini, iliyochoka lakini yenye kicheko ndani yake.

"Mwenzangu, kikombe cha kwanza nimempa baba. Hiki cha pili ni chetu, mimi na wewe. Kaa."

"Ahsante," Mama Pasi alisema.

Kengele akasimama na ncha zake za shuka mikononi. "Unamshukuru nani?"

"Nani? Hakuna."

"Umesema ahsante."

"Nimekushukuru wewe. Kunja."

Siku ya kwanza alidhani ni bahati tu, kwamba alikuta mambo yake yakizungumzwa. Lakini siku ya pili mambo yalikuwa yale yale, na ya tatu pia. Dada yule alisimulia jinsi baba yake alivyomsalimia msoma habari kwenye televisheni, na alipokosa kuitikiwa akamgombeza kwamba hana malezi. Mama Pasi alicheka hadi shuka likampita na kudondoka sakafuni, ikabidi lirudishwe kufuliwa. Dada akasimulia jinsi alivyotafuta viatu vyake vya kazini akavikuta ndani ya debe la unga. Mama Pasi alisimama kidogo. Yeye juzi alikuta mswaki wake ndani ya birika, na alikuwa amekunywa chai yake kabla ya kuukuta. Jambo hilo hakumwambia mtu, kwa sababu hakujua kama linachekesha au linaliza. Sasa alijua kuwa linafaa kwa yote mawili.

Furaha ilimshika, na hakujaribu kuificha. Akawa anaamka na hamu ya kwenda kazini. Alikisikiliza kila kipindi hadi mwisho, hadi dada anaposema, "Kikombe kimekwisha, baba ameamka," na hapo alikuwa akimuaga kwa moyo. Hakufungua kinachofuata siku hiyo hiyo hata mara moja. Alidhani cha kesho kilikuwa hakijasemwa bado. Nyumbani kwao redio ilikuwa na maana moja: mtu amekaa mahali fulani sasa hivi, anasema, na wewe unasikia. Aliposikia dada akisema "leo baba amegoma kuoga," alijua ni leo, na akawa anatazama nje ya dirisha kuona kama hali ya hewa kule kwa akina dada ni sawa na ya huku.

"Siku hizi huongei," Kengele alilalamika. "Umeolewa na hayo masikio."

"Nasikiliza kipindi."

"Kipindi gani hakiishi? Mimi nakuambia habari za mkwe wangu, wewe unacheka pahali pa kulia."

"Yule dada leo amemlilia baba yake."

"Dada gani? Unamjua?"

Mama Pasi alifikiri kidogo. "Namjua," akasema, na wala hakuona kuwa anatia chumvi.

Kulikuwa na kitu kimoja ambacho mume wa Mama Pasi hakukijua, wala wifi, wala Kengele. Kilikuwa kufuli.

Zamani kidogo Bibi alitoka asubuhi kumtafuta mama yake, aliyekwisha kufa miaka mingi nyuma, akaonekana jioni kwenye karakana ya matairi, ameketi juu ya tairi, mguu mmoja una kiatu. Mafundi walimpa soda na kumkejeli kidogo. Mama Pasi alipofika kumchukua, fundi mmoja alisema kwa sauti watu wote wasikie, "Mama, mzee kama huyu haachwi ovyo." Alimeza maneno hayo, akashukuru, akamshika mkono mzee wake. Mumewe aliporudi, alimwambia jirani amekubali kuwa anachungulia. Jirani kweli alikubali, akachungulia mwezi mmoja, kisha akahama. Habari ya kuhama Mama Pasi hakuitoa. Alinunua kufuli.

Kila asubuhi alimwogesha Bibi, akamvisha, akamlisha, akamwekea maji, chakula kwenye bakuli lenye kifuniko chepesi, ndoo ya haja, na taulo lake la kukunja. Kisha alitoka, akavuta mlango wa chumba cha Bibi, akapachika kufuli. Alifanya upesi, huku akijisemea mambo mengine, ili mkono umalize kabla kichwa hakijajua. Na kweli Bibi alikuwa salama. Hakuonekana tena kwenye matairi.

Siku moja alirudi akakuta chakula hakijaguswa. Alipofungua mlango haukufunguka vizuri, kwa sababu Bibi alikuwa amesimama nyuma yake, karibu kabisa, mkono umeegemea ubaoni. Nguo zake zilikuwa zimelowa na kukaukia mwilini. Vifundo vya vidole vilikuwa vimechubuka.

"Hodi," Bibi alisema, kwa sauti iliyokwisha kukauka. "Nimebisha sana. Hawa watu hawafungui."

Mama Pasi alisogea pembeni. Akasema, "Karibu." Bibi akatoka chumbani mwake mwenyewe kama anayeingia ugenini, akashukuru, akauliza aketi wapi. Jioni hiyo Mama Pasi alimpaka mafuta vidoleni, akajikaza kisabuni, akapika, akaosha vyombo. Kesho yake asubuhi akapachika kufuli kama kawaida, kwa sababu saa ya kazi ilikuwa imefika na hakuna mtu aliyekuwa amekuja.

Haikupita hata wiki, dada wa Kikombe cha Pili alianza kipindi bila kugonga kijiko.

"Mwenzangu, nimepata kazi. Kesho naanza. Baba sina wa kumwachia. Leo nimenunua kufuli zuri, la shaba, na kesho nitamfungia chumbani mpaka nirudi. Kila mtu ananiambia ndiyo njia ya salama. Nimekaa hapa nalitazama tu. Kikombe chenyewe kimepoa."

Mama Pasi aliliachia shuka. Kengele, aliyekuwa amelivuta upande wake, nusura aanguke chali.

"Una nini wewe leo?"

"Nakuja."

Aliingia kwenye stoo ya mashuka safi, akasukuma mlango kwa kisigino. Kila mwisho wa kipindi dada alitaja namba ya simu na kuwaambia watu wamtumie sauti zao. Mama Pasi hakuwahi hata kuwaza kwamba yeye naye ni watu. Lakini sasa maji yalimfika shingoni, na kesho ilikuwa karibu. Akabonyeza alama ya kipaza sauti kama alivyofanya alipomtumia mumewe habari za nyumbani, akasema kwa kunong'ona, mdomo umekaribia simu.

"Dada, wewe hunijui. Mimi napiga pasi mashuka ya hospitali. Kesho usimfungie mzee mlango. Nakuomba. Mimi namfungia mama mkwe wangu, ndiyo maana nakuambia. Mume wangu hajui, ndugu zake hawajui. Kufuli haliumii, wala mlango hauumii, ila yule aliye ndani, dada, anabisha. Anabisha akidhani yuko nje. Anadhani sisi tumo ndani tunakula, tumekataa kumfungulia. Nimemkuta amechubuka vidole. Sasa mimi nimeshaanza na sijui nitaachaje, lakini wewe ni kesho. Tafuta mtu, hata wa kumpigia magoti. Usianze. Haya, kwaheri. Baba msalimie."

Akatuma. Alipotoka stoo, msimamizi alikuwa amesimama kwenye mashine, mikono nyuma.

"Mama Pasi, tukuletee na kitanda humo ndani? Utakuja kumwaga unga kwa mchezo huu."

Aliomba radhi mbele ya wote, akashika ncha za shuka. Siku nzima alikuwa na wasiwasi mmoja tu, kama ujumbe umefika kabla ya kesho.

Kipindi kilichofuata dada hakumtaja. Alisema siku ya kwanza ya kazi ilikwenda vizuri, baba alikuwa kimya aliporudi, na lile kufuli ni zuri, linafunguka kwa urahisi. Mama Pasi alivuta kisikilizio sikioni kwa hasira, akakitia mfukoni, na siku zilizofuata hakukitoa. Alijiona amedharauliwa. Alikuwa amemtolea mtu siri iliyomla moyo, na mtu hakumjibu hata "nimesikia." Wala hakuona ajabu kwamba alimkataza mwenzake jambo ambalo yeye alilifanya asubuhi ile ile. Au aliona, na ndiyo maana hasira ilikuwa kubwa hivyo.

"Umeachika?" Kengele aliuliza.

"Niambie habari za mkwe wako," Mama Pasi alijibu.

Siku yake ya mapumziko alimpeleka Bibi saluni. Wifi alikuwa ameahidi kumwosha mama yake nywele, ahadi iliyoahirishwa mpaka ikaanza kuota ukungu, na safari hii Mama Pasi hakupiga simu kwanza. Alifika tu. Saluni ilikuwa imejaa. Wateja watatu walikuwa vitini, msusi mmoja alikuwa akisuka, na wifi mwenyewe alikuwa na mikono iliyozama kwenye kichwa cha mama mmoja mnene mwenye kicheko cha karibu.

"Wifi! Ungenitonya basi," alisema huku ameuma meno. Kisha kwa wateja, akitabasamu, "Huyu ni wifi yangu. Na huyu ni mgeni wetu."

Mama Pasi alilisikia hilo neno "mgeni". Alimketisha Bibi pembeni, chini ya kikaushio kisichofanya kazi, akampa taulo. Bibi akaanza kukunja.

Kwenye rafu, kati ya chupa za mafuta, palikuwa na spika ndogo. "Kimya jamani," wifi alisema, akafuta vidole, akagusa simu. "Kipya kimetoka leo asubuhi. Sijakisikiliza, nilikuwa nawangoja ninyi."

Kijiko kikagonga kikombe. Mama Pasi alishtuka. Ilikuwa sauti ile ile lakini imenenepa kidogo, imepumzika, ni ya mtu anayelala usiku mzima.

"Mwenzangu, unajua siku hizi vikombe vyote viwili ni vyangu. Lakini leo nataka tumzungumzie marehemu baba."

Marehemu. Mama Pasi alimgeukia wifi yake. "Amekufa lini?" Alikuwa amesimama tayari, kama anayetafuta njia ya kwenda msibani.

"Nani?"

"Baba yake! Wiki iliyopita alikuwa mzima. Alikuwa amemnunulia kufuli."

Wateja wakatazamana. Msusi akavunjika mbavu. "Mama, yule mzee ana miaka mitatu kaburini. Ulikuwa unasikiliza vya zamani. Hivi huwekwa, vinakaa. Ungeweza kusikiliza vyote kwa siku moja."

"Si nilikuambia ni kama redio, ila siyo ya..." Wifi alianza, akakumbuka kwamba hakumwambia, akarudisha mikono kwenye nywele za mteja.

Mama Pasi alikaa polepole. Moyo ulimuuma kwa ajili ya mzee ambaye hakuwahi kumwona, na aibu ikaja juu ya maumivu, kwa sababu watu walikuwa bado wanacheka. Spika ilikuwa inaendelea.

"...mama mmoja ametumia sauti. Sijui jina lake, na hata ningelijua nisingelitaja. Nimeisikiliza tangu juzi. Sikilizeni na ninyi."

Kukawa na mkwaruzo, kisha saluni nzima ikajaa mnong'ono wa mtu aliyejificha kwenye stoo. *Dada, wewe hunijui. Mimi napiga pasi mashuka ya hospitali.*

Wifi aliijua sauti kabla ya neno la tatu. Mikono yake ikasimama ndani ya nywele za mteja. Mama Pasi alitazama sakafu, kwenye vipande vya nywele vilivyokatwa, na akasikia siri yake yote ikitoka mbele ya watu, kuanzia kufuli hadi vidole vilivyochubuka na mume asiyejua. Ilionekana ndefu kuliko alivyoisema. Ilipofika "Baba msalimie," dada wa kikombe akarudi, na alikuwa analia bila kujizuia.

"Mama, salamu zako zimechelewa, na kosa si lako. Nilimfungia. Kila mtu alinisifu kwa kufuli langu zuri. Hakupatikana hata mmoja wa kuniambia usianze. Juzi nilipokusikia niliinuka nikaenda mpaka kwenye kile chumba, nikaufungua mlango. Siku hizi tunaweka masufuria humo. Nikaufungua tu, nikasimama."

Yule mama mnene aliyekuwa akioshwa alifuta macho kwa pembe ya taulo. "Maskini," alisema. "Lakini na huyo mume wake, hana ndugu? Hana hata dada?"

"Watu wana roho," mwingine akaitika. "Mama yako mzazi unamwachia mkwe, wewe umekaa unapaka kucha."

 Maji ya bomba yaliendelea kumwagika. Wifi alikuwa na kucha nyekundu siku hiyo, na povu halikuzificha zote.

Ndipo Bibi aliponyanyua uso kutoka kwenye taulo lake. Alikuwa anaitazama spika kwa furaha, kama mtu aliyepata uso anaoufahamu katikati ya umati.

"Huyo namjua," alisema.

"Unamjua nani, bibi?" msusi aliuliza.

"Huyo anayeongea. Ndiye anayenifunguliaga mlango."

Mama Pasi alijiinamia akalia. Angeweza kustahimili kuitwa mfungaji. Alikuwa amejiita hivyo mwenyewe kila siku. Hilo la mfunguaji hakuwa amejiandaa nalo.

Waligombana nyuma ya saluni, kwenye kichochoro cha kuanikia mataulo, kwa sauti za chini za watu wanaojua kuta ni nyembamba.

"Umemfungia mama yangu kama mbuzi!"

"Ndiyo."

"Kama mbuzi, wifi! Na mwenyewe unakubali!"

"Nimekubali mbele ya dunia nzima, nitakukatalia wewe?"

"Mbona hukuniambia?"

"Nilikuita nikuambie. Ukaniletea visikilizio."

Wifi alijifuta povu mikononi. Kisha akampigia kaka yake simu, akaongea kwa hasira, akasikiliza kwa muda, na alipokata alikuwa amenywea.

"Anasemaje?" Mama Pasi aliuliza.

"Anasema wewe ndiye unayemwezea. Anasema nikusihi usikasirike." Akachukua taulo kavu kutoka kwenye kamba, akaanza kulikunja, akalikosea, akalikunja upya. Alikunja kama mama yake. "Mimi nitakaa naye vipi pale, wifi? Akinilowea mbele ya watu? Akiwatukana wateja wangu?"

"Atalowa. Wengine atawatukana. Mimi alishaniita mwizi. Unambadilisha nguo, unaendelea."

"Nitafikiri."

"Fikiri," Mama Pasi alisema. "Mimi kesho naingia kazini asubuhi."

Asubuhi alimwogesha Bibi, akamvisha, akamlisha. Akafungasha nguo za kubadilisha na taulo la kukunja kwenye mfuko. Kufuli lilikuwa mahali pake juu ya rafu. Alisubiri kidogo barazani kuona kama kuna mtu anakuja. Hakuja mtu. Akalitazama kufuli, akalitazama jua, akapiga moyo konde. Alimshika Bibi mkono, wakatoka, mlango wa chumba akauacha wazi nyuma yao.

Saluni ilikuwa imefungwa, pazia limeshushwa. Huenda wifi alikuwa ndani, huenda hakuwa. Mama Pasi alikuwa ameshachelewa, na kama hapa pangekuwa hakuna mtu, basi ilikuwa ni kurudi nyumbani na kupachika kufuli au kukosa kazi. Kabla hajanyanyua mkono, Bibi alikwisha kunyanyua wake. Akabisha kwa vile vifundo vyenye makovu.

"Hodi!"

Pazia halikutikisika.

"Hodi humu ndani!" Akamgeukia Mama Pasi. "Hawa watu hawafungui."

Komeo likalia. Wifi alisimama mlangoni bila wanja, kitambaa kichwani, kucha zimefutwa rangi. Macho yalikuwa mekundu. Nyuma yake kiti kimoja cha wateja kilikuwa kimesogezwa pembeni na kutandikwa shuka la plastiki. Hakumtazama Mama Pasi. Alimtazama mama yake.

"Karibu," alisema.

"Tumebisha sana."

"Nimesikia, mama. Samahani. Ingia."

Bibi akaingia, akashukuru, akauliza aketi wapi. Mama Pasi alikabidhi mfuko. Hawakuahidiana kitu, wala hakuna aliyetaja kesho.

Alifika kazini amechelewa, akatukanwa kidogo, akashika nafasi yake. Mashine ilikuwa imeshapata moto. Alitoa visikilizio mfukoni, akavifungua mafundo, akatia kimoja sikio la ukutani, na kuanzia pale pale alipoachia.

Kengele alimkodolea macho. Habari ilikuwa imeshafika hata huku. Habari za aina hiyo huwa hazitembei kwa miguu. "Wewe, si wanasema yule mzee alishakufa?"

"Amekufa."

"Na mwisho wake unaujua."

"Naujua."

"Sasa unasikiliza nini?"

Mama Pasi alishika ncha zake mbili za shuka, akarudi nyuma hadi likajinyoosha. Sikioni mwake ufunguo ulikuwa unazungushwa kwenye kufuli, na mzee, nyuma ya mlango, alikuwa anauliza ni nani huyo.

"Leo bado yupo," alisema, na wakaendeana.